Namna ya kupima mtandao wa mahusiano katika kundi la watu

Mtandao wa mahusiano, yaani ramani ya nani ameunganishwa na nani katika kundi, huharibika mapema, kabla hata kompyuta haijawashwa. Ukiuliza swali legelege, au ukiwasahau watu wachache kwenye orodha, hakuna programu itakayokuokoa baadaye. Ndiyo maana maelekezo haya yanakaa zaidi kwenye swali, orodha na majibu. Mfano wetu ni kundi la watu 40 wanaofanya kazi pamoja, ukubwa unaomfaa mtafiti anayeanza.

Kiungo ni nini?

Kila mtu ni nodi, na uhusiano kati ya wawili ni kiungo. Lakini uhusiano upi? "Rafiki zako ni akina nani?" ni swali baya, kwa kuwa kila mhojiwa ana kipimo chake cha urafiki. Uliza tendo na muda: "Katika wiki nne zilizopita, ulimwendea nani kuomba ushauri wa kazi?" Kisha tendo la pili, kwa mfano kula pamoja, na la tatu, kumweleza mtu shida binafsi. Maswali matatu yanatosha, na kila moja lijenge mtandao wake. Anayeombwa ushauri na watu 20 huenda hana hata mmoja wa kumweleza shida zake. Ukijumlisha viungo vyote kwenye mtandao mmoja, jambo hilo halitaonekana kabisa.

Usiweke kikomo cha majina. Hojaji nyingi husema "taja watu watano", na madhara yake ni makubwa. Mwenye wawili hujaza nafasi tatu kwa majina ya kubahatisha, na mwenye 12 huwaacha saba. Wanaoachwa kwanza ni wale asioonana nao mara kwa mara. Hao ndio mwanasosholojia Mark Granovetter, katika makala yake ya mwaka 1973, alieleza kwamba hupitisha habari kati ya vikundi visivyofahamiana. Kikomo kinakata madaraja, halafu mtafiti anatangaza kwamba kundi limegawanyika.

Orodha na mpaka

Andika kanuni ya nani yumo kabla ya kukusanya chochote: vibarua? walio likizoni? wasafishaji na walinzi? Kanuni ikishaandikwa, isibadilishwe kwa sababu mtu fulani ni mgumu kumpata.

Mpe kila mhojiwa orodha kamili ya wenzake 39 aweke alama, badala ya kumwachia akumbuke mwenyewe. Kumbukumbu huwashika wa karibu na kuwaacha wa mbali. Nusu ya wahojiwa wape orodha iliyopangwa kinyume, maana walio juu ya ukurasa hupata alama zaidi kadiri msomaji anavyochoka. Kundi likizidi watu 100 hivi, orodha inakuwa mzigo, hapo waache wataje wenyewe, kisha uulize tena, "Na nani mwingine?"

Kuna wanaoanza na mtu mmoja, wakamfuata kila aliyetajwa, na kuendelea hivyo. Njia hiyo inafaa pale ambapo orodha haipatikani, ila ina upendeleo: humpeleka mtafiti kwa wenye viungo vingi. Mwanasosholojia Scott Feld alionyesha mwaka 1991 kwamba, kwa wastani, rafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe, kwa sababu mwenye marafiki wengi hutajwa na wengi. Wastani wa viungo utakaoupata kwa njia hiyo utakuwa mkubwa kuliko ukweli.

Wasiojibu

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Katika kundi la 40 kuna jozi 780 (40 × 39 ÷ 2). Wanane wasipojibu, unaona umekosa asilimia 20 tu. Lakini jozi ambazo umesikia pande zote mbili ni 496 (32 × 31 ÷ 2), yaani chini kidogo ya asilimia 64. Na jozi 28, zile za wanane hao wenyewe kwa wenyewe, hujui lolote kuzihusu. Idadi ya mara mtu alizotajwa inavumilia pengo hilo kwa kiasi. Vipimo vya njia, yaani vinavyofuata viungo kutoka mtu hadi mtu, haviwezi: daraja moja likikosekana, sura nzima ya mtandao inageuka. Rudi kwa wasiojibu mara mbili au tatu kabla ya kufunga kazi, na usiwafute kwenye data, kwani bado wametajwa na wenzao.

Ridhaa nayo ina ugumu wake. Anayekataa kushiriki atatajwa na wengine hata hivyo, kwa hiyo eleza mapema utafanya nini na jina lake. Tumia namba badala ya majina, na jedwali linaloonyesha namba ipi ni ya nani lihifadhiwe mahali pengine. Hata hivyo namba pekee hazifichi: katika kundi dogo, mchoro wenye nodi moja iliyozungukwa na wote unamtaja mkuu wao waziwazi. Usimpe mwajiri mchoro wa mtu mmoja mmoja.

Majedwali mawili

Jedwali la kwanza ni la watu: namba, idara, miaka kazini. La pili ni la viungo: kutoka, kwenda, aina ya swali. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuingiza jedwali la viungo peke yake. Mtu asiyetaja wala kutajwa hana mstari humo, hivyo anatoweka, na kundi linaonekana limeshikamana kuliko lilivyo. Baada ya kuingiza, hesabu nodi: ziwe 40. Angalia pia waliojitaja wenyewe, na namba yenye nafasi tupu mwishoni, ambayo programu huisoma kama mtu mwingine.

A akimtaja B na B asimtaje A, usikimbilie kusahihisha. Katika ushauri, mwelekeo ni habari, uache. Katika kula pamoja, mmoja amesahau, hivyo kiungo kipo hata kikitajwa na upande mmoja. Katika siri za moyoni, mimi ningehesabu kiungo cha pande zote mbili pale tu wote wawili wametajana.

Hesabu

Programu za kuchambua mitandao kama NetworkX, igraph na Gephi zote zinapatikana bila malipo. Jaribu kwanza data ya Wayne Zachary ya mwaka 1977 kuhusu klabu ya karate iliyogawanyika: watu 34, viungo 78. NetworkX na igraph huja nayo. Msongamano wake, yaani viungo vilivyopo kwa vinavyowezekana, ni 78 ÷ 561, takriban 0.139. Usipoupata, tatizo liko kwenye mpangilio wako.

Kwa kundi lako, toa msongamano, idadi ya vipande visivyoungana, idadi ya mara kila mtu alizotajwa, na mara ngapi mtu yuko kwenye njia fupi kati ya wengine wawili. Namba hizo peke yake hazisemi kitu. Tengeneza mitandao 1,000 ya nasibu ambamo kila mtu anabaki na idadi yake ya viungo lakini waliounganishwa wanabadilishwa, kisha tazama vipande na njia fupi za mtandao wako vimeangukia wapi kati yake. Usitumie majaribio ya kawaida ya takwimu kwenye jozi, kwa sababu jozi zinazomhusu mtu mmoja hazijitegemei.

Mchoro unapendeza na ndiyo maana unadanganya. Mahali nodi ilipokaa ukurasani huamuliwa na programu. Ukiendesha tena, inahama. Hata mgawanyo wa vikundi kwa njia ya Louvain, hesabu inayotafuta vikundi vyenye viungo vingi ndani yake, unaweza kubadilika, kwa hiyo uendeshe mara 100 na uripoti vikundi vinavyorudi karibu kila mara.

Kuambukizana au kufanana?

Wavutaji sigara wameunganishwa na wavutaji. Huenda wameambukizana tabia. Huenda walichaguana kwa sababu wote walishavuta. Huenda wanakaa tu kwenye chumba kimoja kilicho karibu na mlango wa nje. Data ya siku moja haiwezi kutenganisha hayo matatu. Wanatakwimu Cosma Shalizi na Andrew Thomas walionyesha mwaka 2011 kwamba hata data ya muda mrefu hushindwa, pale ambapo sifa iliyowakutanisha watu haikupimwa na yenyewe ndiyo inayosukuma tabia. Hivyo pima angalau mara mbili, ukitumia maswali yaleyale na orodha ileile, na rekodi nani alihama chumba, zamu au idara katikati. Kama umepima mara moja tu, andika kwenye ripoti kwamba wanaofanana wameunganishwa, na uishie hapo.