Ubao wa kafi wa kwanza kwa mawimbi madogo: namna ya kuuchagua na kuukagua

Mbao nyingi za kafi (SUP), zile za kusimama juu yake na kupiga kafi, zinazokodishwa Diani, Watamu na Paje zimetengenezwa kwa maji ya ndani ya mwamba, yale yaliyotulia. Ni ndefu, zimenyooka, omo wake (ncha ya mbele) umechongoka. Ukizitoa kwenye mawimbi hata ya kimo cha goti, omo huzama, ubao husimama ghafla nawe huendelea mbele peke yako. Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayejua kuogelea, aliyekwisha kusimama juu ya ubao kwenye maji matulivu, na sasa anataka kununua wa kwake wa kupandia mawimbi ya goti hadi kiuno.

Nitasema kafi, si kasia. Kasia hufungwa kwenye kishwara ubavuni mwa chombo. Hili la kwetu hushikwa kwa mikono miwili kama la mtumbwi. Mbele ya ubao ni omo, nyuma ni tezi, pembeni ni mbavu, chini ni tumbo. Pezi ni kile kibapa kinachosimama tumboni karibu na tezi, na kisanduku ni tundu linamochomekwa.

Hatua ya 1: Jua utapanda wapi

Sehemu kubwa ya pwani yetu imezuiwa na mwamba, na wimbi huvunjikia mbali kabla ya kufika ufukweni. Ghuba ya Malindi ni tofauti. Matumbawe hayastawi kwenye udongo unaoletwa na mto Sabaki, hivyo mwamba umekatika, wimbi la kusi linaingia, na chini kuna mchanga. Hapo ndipo pa kuanzia. Nenda asubuhi kabla upepo haujashika, na ukae mbali na mlango wa mto wenyewe, kwani kuna viboko. Kama mahali pako pana mwamba chini, usipande maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, maji yanapokupwa sana. Pezi likigonga jiwe hupasua kisanduku chake, na hasara hiyo tutaifikia kwenye hatua ya sita.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya ujazo

Ujazo huandikwa kwa lita, aghalabu karibu na tezi au tumboni. Lita 1 ya ubao hubeba takriban kilo 1. Mtu wa kilo 80, ubao wa kilo 9, kafi na nguo zilizolowa: jumla ni kama kilo 91. Kwa hiyo ubao wa lita 95 utaelea naye kwa shida, huku maji yakimfika vifundoni, na mwanafunzi hawezi kusimama hapo. Lita zinazozidi uzito ndizo zinazokupa utulivu.

Zidisha uzito wako kwa 1.8 hadi 2. Mwenye kilo 65 atafute lita 117 hadi 130. Mwenye kilo 80, lita 144 hadi 160. Mwenye kilo 95, lita 171 hadi 190. Jipime wewe mwenyewe leo, usitumie uzito wa mwaka juzi.

Muuzaji akikwambia kwamba mpandaji fulani hodari wa uzito wako anatumia lita 100, hakudanganyi, lakini mpandaji huyo ana miaka kadhaa majini. Ubao mdogo hautakufundisha haraka zaidi. Utakuchosha ndani ya dakika 20, na aliyechoka hapandi wimbi lolote.

Hatua ya 3: Upana kwanza, urefu baadaye

Wengi huuliza urefu. Ulizia upana, kwa sababu huo ndio unaozuia ubao kupinduka. Kwa mtu wa kilo 60 hadi 90, inchi 31 hadi 33 zinatosha. Inchi 34 na zaidi ni za mtu mzito sana. Kwa mwepesi, ubao mpana hivyo ni kama kusimama juu ya meza: hauanguki, lakini ubavu haulali majini na ubao haugeuki.

Urefu: futi 9 na inchi 6 hadi futi 10 na inchi 6. Unene wa ubao mgumu: inchi 4 hadi 4.75. Ukikuta ubao wa lita nyingi lakini wenye upana mdogo na unene mkubwa, uache. Lita zake zimefichwa kwenye unene, nawe utasimama juu ya mbavu nene zinazotikisika.

Hatua ya 4: Angalia mkunjo wa omo

Toa mapezi, laza ubao kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, tumbo chini. Pima kutoka sakafuni hadi ncha ya omo. Ubao wa mawimbi huwa na sentimita 10 hadi 14. Chini ya 8, huo ni wa safari za maji matulivu hata kama muuzaji anauita wa kila kazi. Omo uwe wa mviringo, na tezi iwe pana, iliyokatwa mraba au yenye duara kubwa. Tezi iliyochongoka ni ya mawimbi makubwa. Kwenye wimbi dogo huzama na kuuvuta ubao nyuma.

Hatua ya 5: Mgumu, au wa kujazwa upepo?

Mgumu. Kama una mahali pa kuuweka na namna ya kuubeba, usisumbuke kufikiri zaidi. Mbavu za ubao wa upepo ni butu, hazishiki uso wa wimbi, na ubao hujipinda katikati wimbi linapouinua. Unene wake wa kawaida ni inchi 6, kwa hiyo unasimama juu zaidi ya maji na upepo unaukamata. Hesabu ya lita ya hatua ya pili haifai hapa: ubao wa upepo wa futi 10 na nusu unaweza kuandikwa lita 300 na bado ukayumba.

Ukilazimika, kwa mfano unaishi ghorofani au unasafiri nao kwa basi, chagua wa unene wa inchi 4.7 au 5, na ujaze hadi PSI 15 (kipimo cha msukumo wa hewa) au kiwango cha juu kilichoandikwa penye vali. Kipimo cha pampu nyingi za mkono hakisogei mpaka upite PSI 5 hivi, usidhani kimeharibika. Usiuache juani ukiwa umejaa, kwani hewa hutanuka na gundi ya mishono huachia.

Aina ya tatu ni ubao mgumu wenye ngozi laini juu. Ni mzito kidogo, lakini ukikugonga au ukimgonga mtoto anayeoga karibu, madhara ni madogo. Kwa ufukwe wenye watu, huo ndio ningekushauri ununue wa kwanza.

Hatua ya 6: Kagua ubao uliokwisha tumika

Mbao nyingi zinazouzwa kwetu zimekwisha kutumika, na hapa ndipo pesa zinapopotea. Ubao mgumu ni povu jeupe jepesi lililofunikwa kwa faibaglasi na epoksi. Ganda likipasuka hata upana wa unywele, povu hunywa maji ya chumvi polepole. Kwa macho ubao unaonekana mzima. Fuata mpangilio huu, tena mchana, ubao ukiwa mkavu.

*Upime uzito.* Simama kwenye mizani ya bafuni peke yako, kisha ukiwa umeushika ubao, halafu toa. Mizani iwe juu ya saruji. Juu ya mchanga au zulia inadanganya. Ubao wa epoksi wa futi 10 kwa kawaida ni kilo 8 hadi 11. Tafuta uzito wa modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji na ulinganishe. Ukizidi kwa kilo 1 na nusu au zaidi, una maji ndani. Lakini angalia: mapezi yametolewa? Kuna nta nene juu? Umewahi kuzibwa mara nyingi? Hivyo huongeza uzito bila kuwa na maji. Na wenye ngozi laini huzidi kiwango hiki kwa asili yake, basi linganisha na modeli yake tu.

*Bonyeza kwa vidole gumba,* kwa nguvu ya kubonyeza embe kujua kama limeiva, hatua kwa hatua kuanzia omo hadi tezi. Panapobonyea na kurudi kwa mlio mdogo, ganda limeachana na povu. Mara nyingi ni pale miguu inaposimama. Hapo pana raba ya kukanyagia na vidole havihisi vizuri, kwa hiyo gonga kwa kifundo cha kidole: sauti kali ni nzima, sauti ya kufifia ni mbovu. Raba nene hufifisha sauti kila mahali, ndiyo maana unasikiliza mabadiliko kati ya eneo moja na jirani yake. Kiraka kimoja cha ukubwa wa kiganja kinaweza kutengenezwa. Ikiwa eneo lote la kusimama limeachia, usinunue kwa bei yoyote.

*Tafuta tundu la hewa.* Ni skrubu ndogo karibu na mshikio (pale pa kubebea, katikati ya ubao) au nyuma yake. Kazi yake ni kuacha hewa ya ndani ipumue ubao unapopata joto. Kama skrubu haipo na tundu liko wazi, maji yameingilia hapo hapo. Baadhi ya mbao zina tundu linalojipumulia lenyewe, lisilofunguliwa, usilichokonoe.

*Kagua visanduku vya mapezi.* Shika pezi la kati, litikise kushoto na kulia. Pezi likicheza ndani ya kisanduku si neno, skrubu italibana. Kisanduku kikicheza ndani ya ubao, hapo pana ufa. Pitisha ukucha kuzunguka kingo zake. Ufa wa hapa ndio unaonywesha maji kuliko wote, kwa kuwa uko chini ya maji muda wote.

*Pitia mbavu.* Wanaojifunza hugonga mbavu kwa kafi, futi 3 hadi 5 kutoka omo. Mkwaruzo wa rangi ni sawa. Palipopasuka kama ganda la yai, weka alama kwa penseli.

*Jaribio la sabuni,* kwa nyufa unazozitilia shaka. Ubao ukiwa kivulini na baridi, kaza skrubu ya hewa. Utoe kwenye jua la asubuhi kwa dakika 10 hadi 15, pakaa maji ya sabuni juu ya ufa. Hewa ya ndani inatanuka. Povu la sabuni likichemka, ufa umefika ndani. Usilifanye jaribio hili saa sita mchana, na usizidishe dakika hizo: ubao uliofungwa ukiachwa kwenye jua kali, ganda lenyewe litaachana na povu, nawe utakuwa umeharibu mali ya mtu. Ukimaliza, legeza skrubu, uikaze tena kabla ya kuingia majini. Kutokuona povu si uthibitisho kamili, kwani ufa uliojaa chumvi hujiziba kwa muda. Ndiyo maana mizani inatangulia.

Ufa mdogo kwenye ubao wenye uzito sahihi si sababu ya kuuacha. Ni sababu ya kupunguziwa bei. Ila uzibe kwa resini ya epoksi peke yake. Mafundi wengi wa boti hutumia resini ya poliesta, ambayo ni nzuri kwa boti lakini huyeyusha povu hili kama maji ya moto kwenye sukari. Fundi akipaka poliesta kwenye ufa wa sentimita 2, utabaki na shimo la ngumi. Muulize kabla hajafungua kopo, na usome lebo mwenyewe.

Na ubao uliokwisha kunywa maji? Hukaushwa kwa kuusimamisha kivulini, ufa ukiwa chini na skrubu ya hewa wazi, ukipimwa kila wiki hadi uzito uache kushuka. Huchukua wiki nyingi, na chumvi haitoki yote. Kwa ubao wa kwanza, tafuta mwingine.

Hatua ya 7: Ujaribu majini kabla ya kulipa

Maji ya kiuno, mahali patulivu. Simama juu ya mshikio, miguu sambamba, upana wa mabega. Uso wa juu wa ubao ubaki mkavu. Piga kafi mara 10 kila upande ukitazama upeo wa macho, kisha rudisha mguu mmoja nyuma na ujaribu kuzungusha omo. Kuanguka mara tatu nne katika dakika 15 ni kawaida. Ukianguka kila dakika, ni mdogo kwako. Ukirudi nyuma hadi tezi na ubao hautingishiki hata kidogo, ni mkubwa mno, na miezi miwili ijayo utatafuta mwingine.

Hatua ya 8: Mapezi, kafi na kamba

Pezi moja la kati la inchi 7 au 8, na madogo mawili ya pembeni. Mpangilio wa mapezi manne uache kwanza.

Kafi liwe refu kuliko wewe kwa sentimita 10 hadi 15 tu. La maji matulivu huzidi hapo na kwenye wimbi linakusumbua. Bapa liwe dogo, mwinamo wake ukielekea mbele. Anza na kafi la kurefushwa, ukishajua kipimo chako, nunua la mpini mmoja, kwani halijazi mchanga kwenye kiungo.

Kamba ya mguu: futi 10, iliyonyooka, unene wa milimita 7 au 8. Ile iliyosokotwa kama waya wa simu ya zamani ni ya maji matulivu. Kwenye wimbi hurudisha ubao usoni mwako. Ifunge kwenye kifundo cha mguu wa nyuma. Kile kiuzi kinachounganisha kamba na ubao kiwe kifupi, kisifike ukingoni mwa tezi. Ukingoni ulale mkanda mpana. Kiuzi kikifika hapo, wimbi moja la nguvu hukizamisha ndani ya faibaglasi kama kisu.