Joki kachomekea, afanywe nini? Namna ya kuisoma kesi yake kabla hujaanza kulalamika

Wadau wa mbio za farasi hapa Dar, hasa nyie mnaofuatilia za Afrika Kusini na Uingereza kwenye simu huku mnasubiri mkeka utiki, hii ni yenu. Malalamiko ni yaleyale kila wikiendi, farasi kaja wa kwanza kanyang'anywa ushindi, au joki, yaani mpanda farasi wa mashindano, kafanya fujo mchana kweupe na farasi wake kaachiwa, na hapohapo watu wanahitimisha tumeibiwa. Mara nyingi hujaibiwa, sema hujui kesi inavyoendeshwa. Na mimi naona ni muhimu mtu ajue, kwa sababu tunatoa hela zetu, na pia kwa sababu wale jamaa wanaopanda wanavunjika shingo kweli, kwahiyo adhabu zao sio suala la mkeka wako peke yake.

Kwanza kabisa elewa kwamba tukio moja la uwanjani linazaa kesi mbili. Ya kwanza ni ya farasi, yaani matokeo, nani abaki mbele nani ashushwe, na hii inaamuliwa palepale na wasimamizi wa mbio kwa sababu kuna hela za watu zinasubiri. Ya pili ni ya joki mwenyewe, je alizembea, na kama alizembea afungiwe siku ngapi. Hizi mbili zinaweza kutoka na majibu tofauti kabisa, farasi akabaki na ushindi wake huku joki anakula siku zake za kufungiwa, au farasi akashushwa na joki akaambiwa wewe huna kosa, mnyama ndo aliyumba na ulifanya kila ulichoweza kumnyoosha. Ukizichanganya kila kitu kitaonekana dhuluma.

Kwenye ile ya matokeo lazima ujue mbio zinakimbiwa nchi gani, hapa ndo wengi wanapotea. Dunia imegawanyika makundi mawili. Uingereza, Afrika Kusini, Australia na Hong Kong wanauliza swali moja tu, je yule aliyezuiwa, kama asingezuiwa, angemaliza mbele ya aliyemzuia? Kama jibu ni hapana basi matokeo yanabaki vilevile hata kama kosa limeonekana na kila mtu. Ufaransa nao wamehamia huko tangu 2018. Marekani na Kanada wao wako upande mwingine, swali lao ni je kosa lilimnyima mwenzako nafasi ya kumaliza vizuri zaidi, hata kama ni nafasi ya tano, na kama ndiyo unashushwa nyuma yake. Kwahiyo tukio lilelile likitokea Durban farasi anabaki bingwa, likitokea Kentucky, Marekani, anaondoka mikono mitupu.

Mfano mzuri kuliko yote ni Kentucky Derby ya 2019, huku kwetu ilikuwa inakaribia saa nane usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei. Farasi Maximum Security kaongoza, wakati wanamaliza kona ya mwisho akatoka kwenye mstari wake akasogea nje, akawavuruga waliokuwa wanakuja pembeni yake, farasi War of Will akaponea chupuchupu kuanguka. Akamaliza wa kwanza. Majoki wawili wakaweka pingamizi, wasimamizi wakakaa kama dakika 22 wanaangalia marudio, halafu wakamshusha mpaka nafasi ya 17, nyuma ya Long Range Toddy ambaye ndiye walisema kaathirika. Ushindi akapewa Country House ambaye odi yake ilikuwa 65 kwa 1, aliyeweka dola 2 akavuta dola 132.40. Haijawahi kutokea kabla ya hapo mshindi wa Derby hiyo kushushwa kwa kosa la kuzuia wenzake. Na baada ya hapo ndo ikaja ile kesi ya pili, joki wake Luis Saez akafungiwa siku 15. Yeye alijitetea kwamba farasi alishtuka kelele za watu. Kwa sheria za Uingereza hoja ingekuwa nyingine kabisa, wangeuliza Long Range Toddy, aliyefika mstarini wa 17 kabla matokeo hayajabadilishwa, angempita mshindi kweli? Nadhani jibu unalo.

Haya, sasa tuje kwenye kuangalia video, na hapa ndo nataka utulie, maana kazi yote iko hapa. Usianze na ile video ya pembeni unayoiona wakati mbio zinaendelea, ile haikuonyeshi kitu, farasi wawili wanaonekana wamebanana kumbe kati yao gari linapita. Tafuta ya kutoka mbele, ile farasi wanakuja wanakuelekea. Ni kama daladala likikuchomekea pale Mwenge, aliyekaa pembeni ya barabara anaona magari mawili yamepita tu, anayejua nani kaacha njia yake ni yule aliyesimama mbele anayaona yakija.

Ukishaipata icheze taratibu na uchague kitu kisichotembea, mfano uzio wa ndani, upime kila farasi yuko umbali gani na huo uzio. Yule ambaye umbali wake unabadilika ndo aliyehama, na mara nyingi utashangaa maana aliyelalamikiwa amenyooka tu na aliyelalamika ndo alijiingiza kwenye upenyo ambao haukuwepo. Wasimamizi hilo wanaliangalia sana, kuchukua upenyo wa bahati nasibu halafu ukajifanya umebanwa.

Halafu angalia mikono. Mimi hapa ndo huwa napata jibu langu. Tuseme farasi anaegemea kushoto. Joki mwenye akili anaacha kupiga, anashika hatamu, zile kamba za kumuongozea, kwa mikono miwili, anavuta ya kulia kumnyoosha, au kama bado anataka kupiga anahamishia kiboko mkono wa kushoto ili mnyama arudi kulia. Joki mzembe unamuona kiboko kiko mkono wa kulia na anaendelea kukichapa tu, kila fimbo inamsukuma farasi kushoto zaidi, na yeye anaangalia mstari wa kumalizia haangalii wenzake. Ukiona hivyo hakuna utetezi wa farasi kayumba, wewe ndo unamyumbisha. Lakini ukiona kashusha kiboko na kavuta hatamu na bado mnyama anakwenda, hapo mpe haki yake, farasi ana kilo kama 500 na joki hata 60 mara nyingi hafiki.

Halafu muangalie aliyeathirika. Je alilazimika kusimama kwenye vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, na kuvuta, kichwa cha farasi kikanyanyuka juu? Au alipunguza kupiga tu kidogo akaendelea? Kibaya kuliko vyote ni pale miguu ya mbele ya farasi wa nyuma inapogusa kwato za nyuma za aliyemkatiza, hapo mnyama anakwenda chini kwa mwendo wa kilomita hamsini na kitu kwa saa na wote wanaokuja nyuma wanapita juu yao. Ndo maana wasimamizi hawasubiri mtu aanguke ndo waite kesi. Kuzembea ni kosa hata kama wote wamefika salama.

Ukimaliza video ndo unapima uzito. Uingereza wana ngazi, uzembe wa kawaida yaani alitakiwa kuona na hakuona, kisha uendeshaji usiofaa, kisha uendeshaji wa hatari ambapo mtu alifanya makusudi au hakujali kabisa usalama wa mwenzake. Hiyo ya mwisho inamuondoa mpaka farasi kwenye matokeo. Wengi wanaishia hiyo ya kwanza na adhabu inakuwa siku chache. Makusudi ni habari nyingine. Tarehe 30 Septemba 2022 pale Saint-Cloud, Ufaransa, joki Christophe Soumillon alimpiga kiwiko joki mwenzake Rossa Ryan katikati ya mbio mpaka akaanguka, nashukuru hakuumia vibaya, na Soumillon akafungiwa siku 60. Watu walikasirika sana kwamba siku mbili baadaye alipanda farasi Vadeni kwenye Arc, mbio kubwa ya Ufaransa, na akashika nafasi ya pili, lakini adhabu za majoki mara nyingi hazianzi siku hiyohiyo, zinapewa muda, kwahiyo ukimuona mtu kafungiwa leo na keshokutwa yuko uwanjani usishangae, angalia tarehe ya kuanza. Binafsi naona kwa kosa la aina ile wangemtoa palepale.

Kabla ya adhabu kuna kitu kinaitwa kumsikiliza mtu, na hiki nawaomba sana mkiheshimu hata mnapobishana kijiweni. Wasimamizi wanawaita majoki wote wawili, wanaangalia video pamoja, aliyeathirika anasema aliona nini, anayelalamikiwa anajibu. Ndipo shtaka linasomwa na anaulizwa unakubali au unakataa. Ripoti za Afrika Kusini na Australia ukizisoma utakuta yote haya yamefupishwa kwenye mistari michache, joki fulani kakubali kosa, alihama akiwa hajampita mwenzake vya kutosha, kafungiwa kuanzia tarehe hii mpaka hii. Isome hiyo ripoti kabla hujasema chochote.

Kwanini huyu kapewa siku nne na yule tisa kwa kosa linalofanana? Rekodi. Mtu anayepanda mara nyingi sana na hajafungiwa muda mrefu anapunguziwa, anayerudia rudia anaongezewa. Kukubali kosa mapema kunasaidia. Mbio kubwa zenye zawadi nono zinaongeza uzito maana kishawishi cha kuchomekea nacho ni kikubwa. Na siku kwa joki sio kitu kidogo, analipwa kwa kila farasi anayepanda pamoja na asilimia ya zawadi, akikaa nyumbani haingizi kitu.

Kiboko kina hesabu yake peke yake. Uingereza tangu 2023 mwisho ni kupiga mara 6 mbio za tambarare na mara 7 zile za kuruka viunzi, ukizidisha mara 4 au zaidi juu ya hapo farasi anafutwa kabisa. Sema hiyo inaamuliwa na kamati siku kadhaa baadaye, dau zimeshalipwa zamani, kwahiyo hata akifutwa mkeka wako haurudi na wa mwenzako hauchanwi.

Sasa yale ya utovu wa nidhamu nje ya kuendesha, mimi naona haya ndo ya kuyakomalia zaidi kuliko kuchomekea, kwa sababu kuchomekea kunatokea ndani ya sekunde mbili ila haya mtu anayapanga. Joki haruhusiwi kubeti. Damien Oliver wa Australia, jina kubwa kabisa, mwaka 2010 aliweka dola 10,000 kwa farasi mwingine kwenye mbio ambazo yeye mwenyewe alikuwa anakimbia, ikajulikana, na 2012 akafungiwa miezi 8 kwa hilo na 2 zaidi kwa kutumia simu sehemu isiyoruhusiwa. Miezi 10 kwa kosa la namna hiyo mimi naiona ni michache sana, sisi tunaoweka hela ndo tunaopigwa hapo. Madawa nayo, joki Frankie Dettori alifungiwa miezi 6 baada ya kipimo cha Ufaransa mwaka 2012. Na kuna kunyanyasa wenzako, joki Robbie Dunne alimnyanyasa Bryony Frost, joki mwanamke, Desemba 2021 akapewa miezi 18, akakata rufaa ikashuka mpaka 10. Hata baada ya rufaa kosa la kumnyanyasa lilibaki palepale, kwahiyo mtu akikwambia Dunne alisafishwa mwambie akasome vizuri.

Kuna na lile la joki kulegeza mikono karibu na mwisho akidhani kashinda, mwenzake akampita kwa pua. Hilo nalo ni kosa na linafungiwa, hata kama hakukuwa na nia mbaya, maana kazi yake ni kumpeleka farasi mpaka mstarini. Hapa usiwe mwepesi kusema kapanga. Angalia farasi mwenyewe kwanza, kama alikuwa ameshachoka, masikio yamelala nyuma, hatua zinafupika, huenda alikuwa hana kitu tena na joki kamhurumia, na wasimamizi wanamuuliza mpaka mkufunzi wake na daktari wa wanyama kabla ya kuamua.

Kama unaanza na unataka sehemu ya kujifunzia taratibu, angalia Ngong ya Nairobi, ni uwanja wa jirani zetu, farasi wachache kwenye kila mbio kwahiyo ni rahisi kumfuata mmoja mmoja kwa macho. Ukishazoea pale nenda Turffontein au Greyville, viwanja vya Afrika Kusini, chukua mbio moja ambayo umeshasikia kuna kesi, ficha ripoti, angalia video ya mbele, andika wewe ungempa siku ngapi na kwa sababu gani, halafu ndo ufungue ripoti yao ulinganishe.