Saccos za Marekani: jiungeni, lakini gari lenu lisidhamini kila deni

Ndugu zangu mlioko Marekani, nimeulizwa mara nyingi kama ni kweli huku nako kuna Saccos. Zipo, tena nyingi. Wenyewe wanaziita credit union, zina wanachama zaidi ya milioni 140, na mpangilio wake mnaujua tangu nyumbani. Mwenye akiba ndiye mwanachama. Kila mwanachama ana kura moja, awe na dola 5 au laki moja. Bodi huchaguliwa na wanachama, na ziada haigawiwi wawekezaji wa nje, inawarudia wenyewe kwa riba nafuu na makato madogo. Mimi ni mwanachama na sina mpango wa kutoka. Lakini niliingia na mawazo ya nyumbani, nikaumia, na kilichoniumiza ndicho nitakachokaa nacho zaidi hapa.

Kujiunga hakuna ugumu: kitambulisho, uthibitisho wa anwani, namba ya Social Security au, kwa baadhi ya vyama, namba ya mlipakodi ya ITIN, na hisa ya kuanzia ambayo mara nyingi ni dola 5. Kila chama kina kundi lake, yaani wafanyakazi wa mahali fulani, wakazi wa eneo fulani au ndugu wa mwanachama, kwa hiyo ulizia unaingilia mlango gani. Hakikisha kina bima ya NCUA, shirika la serikali ya shirikisho linalosimamia vyama hivi; bima hiyo inalinda akiba hadi dola 250,000.

Sasa mtego.

Nilikopa dola 9,400 za kununua gari. Siku ile ile, meza ile ile, ofisa mikopo akaniambia nimestahili pia kadi ya mkopo ya dola 3,000. Alikuwa dada mchangamfu, kaniuliza mpaka habari za watoto. Karatasi zake alikuwa kazibandika vikaratasi vya njano kila mahali pa kutia sahihi, nami nikawa navifuata kimoja baada ya kingine. Kwenye ukurasa wa kadi kulikuwa na kisanduku kidogo. Akaniomba niandike humo herufi za mwanzo za majina yangu. Nikamuuliza cha nini. Akasema ni utaratibu wa kawaida tu. Nikaandika.

Mwaka wa tatu nikapunguziwa saa kazini. Nikapiga hesabu zangu: gari kwanza, maana huku bila gari hufiki kazini, na kadi itasubiri mambo yakae sawa. Rejesho la gari sikulikosa hata mwezi mmoja. Nikamaliza. Nikakaa kusubiri hati ya gari, na mnunuzi nilikuwa nimeshampata, Mtanzania mwenzetu, katanguliza dola 500. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu nikapiga simu. Nikaambiwa mkopo wa gari kweli umekwisha, lakini hati haitoki. Unadaiwa dola 2,180 za kadi, na gari ni dhamana ya deni hilo pia.

Nilidhani wamechanganya majalada. Nikafungua bahasha niliyohifadhi nyaraka zangu, nikasoma kwa mara ya kwanza kile nilichokisaini. Ukurasa wa nne, herufi ndogo: mali yoyote iliyowekwa rehani kwa mkopo mmoja ni rehani pia kwa madeni mengine yote ya mwanachama katika chama hiki, ya sasa na yajayo. Na kwenye kile kisanduku, kwa wino wa bluu, herufi zangu mbili zikikubali kwamba akiba yangu nayo ni dhamana ya kadi. Baada ya siku chache dola 640 zilizokuwa kwenye akiba zikaondoka. Mnunuzi akadai fedha yake, nikamrudishia kwa kukopa kwa rafiki.

Nasema tena, na nitasema mara ya tatu kabla sijamaliza: mkopo wa gari na kadi ya mkopo visikae chama kimoja mpaka umesoma kipengele hicho. Kwenye karatasi kitafute kwa neno cross-collateral. Wakati mwingine neno lenyewe halipo, imeandikwa tu kwamba dhamana hii inalinda mikopo yako mingine yote. Maana ni ile ile. Unaweza kulipa gari bila kukosa mwezi, kisha ukachelewesha kadi, na gari likaja kuchukuliwa usiku. Likiuzwa mnada na fedha isitoshe, baki la deni ni lako.

Na kile kisanduku msikidharau. Sheria ya shirikisho kwa kawaida humkataza aliyekupa kadi ya mkopo kujichotea fedha kwenye akaunti yako kulipia deni la kadi. Kinga hiyo unayo. Lakini ukiweka akaunti yako rehani kwa sahihi yako, umeivua mwenyewe. Mimi niliivua kwa herufi mbili.

Kwa nini sikushtuka? Kwa sababu ya Saccos za nyumbani. Nyumbani unakopa mara tatu ya akiba yako, wadhamini wanasaini, na ukianza kusuasua wa kwanza kujua ni mdhamini. Anakuja mlangoni, anakaa, anakunywa maji, anakwambia ndugu yangu, nimekatwa mshahara kwa ajili yako. Aibu ile inamrudisha mtu kwenye mstari kabla mambo hayajaharibika. Huku hakuna mdhamini wa kuja mlangoni. Deni la mtu ni siri yake, jirani hajui, na hata mwanachama mwenzako mnayeshika foleni moja hamjuani. Sasa wameliziba pengo la mdhamini kwa kitu kingine: gari lako na akiba yako ndivyo wadhamini wako, tena wa kila deni. Hilo sikuelezwa na mtu. Nimelielewa baada ya kulipia.

Shangazi yangu, Mungu amweke, nilipomsimulia aliniambia, "Si ni ushirika huo? Nenda kaonane na mwenyekiti." Shangazi, shikamoo, lakini huku mwenyekiti ni mtu wa kujitolea anayekutana na bodi yake mara moja kwa mwezi, na faili langu hajawahi kuliona. Anayeliona ni idara ya madeni, na idara inafuata karatasi. Na ninyi wadogo zangu mnaosema "hiyo siyo benki, watatuelewa", sikilizeni. Kutokuwa cha faida hakukifanyi chama kiwe cha msaada. Fedha wanazokukopesha ni akiba za wenzako, muuguzi na dereva wa basi, na wana wajibu wa kuzirudisha. Sina kinyongo na wajibu huo. Kinyongo changu ni vile vikaratasi vya njano vilivyonionyesha pa kusaini bila kunionyesha pa kusoma.

Jambo jingine la wadogo zangu, la kudhaminiana. Nyumbani wadhamini hugawana mzigo, kila mmoja na sehemu yake. Huku ukisaini pamoja na binamu aliyefika juzi, deni zima ni lako, na akichelewa jina lako nalo linachafuka kwenye taarifa za mikopo. Kama unaona haya kumkatalia, msaidie kwa fedha unayoweza kuipoteza.

Pamoja na hayo yote, bado nasema jiungeni. Vyama vyenye leseni ya shirikisho haviruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka kwenye mikopo yao mingi, ilhali kadi za benki nyingi zimevuka 20. Na kuna mkopo mdogo wa dharura uliowekwa mahsusi kuwaokoa watu na vile vibanda vya kausha damu vinavyokopesha mpaka siku ya mshahara. Mkopo huo riba yake haizidi asilimia 28, na ada ya maombi haizidi dola 20. Ndugu yangu yeyote anayepita kwenye vibanda vile wakati ana chama cha kujiunga, tafadhali mtumieni maneno haya.

Wamarekani wenyewe wananishangaza. Ni wanachama, lakini ukiwauliza wanakwambia "benki yangu". Kura wanayo na hawaipigi. Wanasahau kwamba moja ya vyama vya kwanza kabisa nchini mwao, kile cha Manchester, New Hampshire, kilichosajiliwa mwaka 1909, kilianzishwa na wahamiaji waliosema Kifaransa, wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wakisaidiwa na Alphonse Desjardins kutoka Quebec. Watu kama sisi, lugha ngeni na mishahara ya wiki. Naona jambo hili ni letu kuliko wanavyodhani wao, na kwetu mkutano mkuu haujawahi kukosa watu.

Mimi nilitokaje? Niliandika barua, sikupiga simu tena. Niliomba wanipe kwa maandishi kiasi kamili cha kufuta deni na ahadi ya kuachia hati nikikilipa. Nililipa kwa awamu tatu, na hati ikaja kwa posta. Kadi niliifunga. Sasa gari la pili nimelikopea kwenye chama, kadi iko kwingine, na mshahara unaingia kwingine kabisa. Ukiona mwezi unakuelemea, waandikie kabla hujachelewa, maana baada ya kuchelewa unaongea na mtu mwingine. Na kwa mara ya tatu: soma kipengele kile kabla ya kusaini, omba kiondolewe kwenye kadi, na wakikataa chukua kadi mahali pengine.

Mwaka jana nilikwenda mkutano mkuu. Chama kina maelfu ya wanachama, ukumbini tulikuwa thelathini na kitu, wengi wao wafanyakazi wenyewe. Ulipofika muda wa maswali nilisimama na ule ukurasa wa nne mkononi, nikauliza kwa nini kipengele hicho kisiandikwe kwenye karatasi yake peke yake, kwa herufi za kawaida, na mwanachama akisome kabla ya kisanduku. Mwenyekiti aliomba nimpe nakala. Nilikuwa nimechapisha kumi, nikazigawa zote.