Kutia chembe za nano kwenye oili ya injini: kazi yote iko kwenye kuchanganya

Unga wa nano hautiwi kwenye injini kwa kijiko. Chembe zenye kipenyo cha nanomita 1 hadi 100 hung'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe hata kabla chupa haijafunguliwa. Ukizimimina zilivyo, kinachoingia kwenye injini ni madonge ya mikromita kadhaa, na donge gumu likikaa kati ya ringi ya pistoni na ukuta wa silinda hufanya kazi ya msasa. Ndiyo maana uchanganyaji mbovu unaweza kuumiza injini hata unga ukiwa mzuri.

Faida ya chembe, yaani kupunguza msuguano na kulika, hupatikana pale ambapo utando wa oili ni mwembamba kiasi cha chuma kugusa chuma: kwenye kamu na tapeti, kwenye ringi pistoni inapofika kileleni, na wakati wa kuwasha injini iliyolala. Beringi kuu za krankshafti huelea juu ya oili injini ikishazunguka, kwa hiyo huko usitarajie mengi.

Kwa kuanzia chukua molibdeni disulfidi (MoS₂) au boroni nitridi ya heksagoni, ya nanomita 50 hadi 100. Zote mbili ni laini, na tabaka zake huteleza moja juu ya nyingine kama karata. Alumina na almasi ya nano ni ngumu mno kwa mtu anayejifunza. Shaba hujaza mikwaruzo vizuri, lakini huchochea oili kuungana na oksijeni, hivyo oili huzeeka haraka. Pikipiki ambayo klachi yake huogelea kwenye oili ya injini iache kabisa: kinachopunguza msuguano kwenye kamu hupunguza pia ushikaji wa klachi, nayo huanza kuteleza.

Kiasi ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Lita 4 za oili yenye msongamano wa kilo 0.87 kwa lita zina uzito wa kilo 3.48; asilimia 0.1 ya hapo ni gramu 3.5 tu. Anza na hiyo. Ukizidisha, chembe hukutana mara nyingi, hushikamana, na msuguano ulioshuka hupanda tena.

Vaa barakoa ya FFP3 na glavu za nitrili, zima feni, kisha pima unga kwa mizani inayosoma gramu 0.01. Ukaushe kwenye oveni kwa nyuzi 90 za Selsiasi kwa saa 2, maana unyevu ndio gundi ya madonge. Uuache upoe ndani ya chombo kilichofungwa, kisha utie kwenye mililita 200 za oili ileile itakayotumika kwenye injini. Kama unga haukupakwa kiwandani kitu cha kuzuia chembe kushikamana, ongeza asidi oleiki, ambayo hufanya kazi hiyo, isiyozidi uzito wa unga. Ikizidi hapo, hugombania uso wa chuma na ZDDP, kinga ya zinki na fosforasi ambayo tayari imo kwenye oili.

Koroga kwa kikorogeo cha sumaku dakika 30, oili ikiwa nyuzi 50 hivi. Halafu tumbukiza fimbo ya ultrasoniki (hutetemesha oili kwa mawimbi ya sauti isiyosikika) ya kilohezi 20: sekunde 5 iwake, sekunde 5 ipumzike, hadi dakika za kuwaka zifike 30. Bika, yaani chombo chenye mchanganyiko, likae ndani ya maji baridi na joto lisipite nyuzi 60. Angalia sana maji yasirukie ndani. Beseni la ultrasoniki la kusafishia vifaa halina nguvu ya kuvunja madonge yaliyokaza.

Sasa subira. Weka mililita 20 kwenye mrija wa kioo kwa siku 7. Kasi ya kuzama hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo donge zito la mikromita 1 huzama mara 400 zaidi ya chembe ya nanomita 50, na mrija utakuambia ukweli. MoS₂ huifanya oili kuwa nyeusi, basi inamisha mrija uangalie kitako. Ukiona tope, rudi kwenye ultrasoniki. Usijidanganye kwamba injini itakoroga yenyewe.

Pima mnato kwa nyuzi 100: oili ya daraja la SAE 40 lazima ibaki kati ya 12.5 na 16.3 cSt (sentistoksi, kizio cha mnato). Ukiweza kupata mashine ya mipira minne, ambayo huzungusha mpira mmoja wa chuma juu ya mitatu ndani ya oili ili upime kovu la kulika, fuata kipimo sanifu cha ASTM D4172: nyutoni 392, mizunguko 1200 kwa dakika, nyuzi 75, dakika 60. Rudia mara 3 kwa oili tupu na mara 3 kwa oili yenye chembe. Kovu lisipopungua, ishia hapo. Oili nzuri huenda ina kinga ya kutosha.

Likipungua, mwaga oili ya zamani ingali moto, badilisha filta, mimina lita 3.8 mpya, kisha mchanganyiko wako uliopashwa na kutikiswa. Acha injini iungurume dakika 10, izime, ngoja dakika 5, pima kwa kijiti na ujazie hadi alama, usipite. Oili iliyozidi hutoa povu.

Usirefushe muda wa kubadilisha oili, kwani visafishaji vilivyomo huisha vilevile. Ukimwaga, pasua filta: tope jeusi zito kwenye karatasi yake huenda ni madonge. Peleka sampuli ya oili maabara ulinganishe kiasi cha chuma kilichomo na cha kipindi kilichopita, na uwaambie ulichotia. Molibdeni itasoma juu sana bila kuwa dalili ya kulika. Waliotia shaba wako pabaya zaidi, maana shaba inayotoka kwenye beringi zinazokwisha itajificha ndani ya ile waliyoimimina wenyewe.