Jinsi ya kubadilisha tairodi endi kwenye IST, Probox na ndugu zao

Ukipita kwenye rasta ukasikia "kok kok" mbele, stelingi imelegea, afu tairi za mbele zinaliwa upande mmoja, angalia tairodi endi (kile kiungo cha nje cha chuma kinachosukuma tairi ukikata stelingi, hapa naiita tairodi tu) kabla hujakimbilia kununua shokapu. Piga jeki, weka stendi (jeki peke yake usiiamini hata dakika moja, gari ikidondoka inaua), shika tairi mkono mmoja kushoto mwingine kulia uitikise, mwenzio aweke vidole kwenye joint ya tairodi, kichezo atakisikia hapo hapo. Ukishika juu na chini ndo ikacheza hiyo ni beringi au boljointi. Na kama kinachocheza kiko ndani ya lile buti la mpira basi ni reki endi, yaani kiungo cha ndani kinachoshikana na stelingi, tairodi ya nje utabadilisha bure tu.

Haya kazi yenyewe. Nati za tairi unazilegeza gari ikiwa bado chini, ndo unapandisha na kutoa tairi. Sugua uzi wa tairodi kwa brashi ya waya, mwagia WD-40, iache inywe kwanza. Afu chukua Tipeksi uchore mstari kwenye uzi pale loknati (nati inayoibana tairodi isizunguke) ilipokaa, hapa usiruke jamani, wengi wanaharibu hapa. Ukishachora legeza loknati kidogo tu tairodi ikiwa bado imefungwa kwenye hub, ukiitoa kwanza kila kitu kitazunguka na hutapata pa kushikia.

Nyoosha pini iliyopita kwenye nati ya juu, ile inayoshika tairodi kwenye hub, uichomoe, legeza nati hiyo ila iache imeshika uzi kidogo, kama una pula (kifaa cha kuchomolea joint) tumia, kama huna gonga nyundo ubavuni mwa kile chuma tairodi ilipoingia, usigonge kichwa cha uzi na mpira wa breki uangalie. Ikishtuka, toa nati, ifungue tairodi huku unahesabu mizunguko, mpya irudishe mizunguko ile ile mpaka loknati ifike kwenye Tipeksi.

Kaza loknati na nati ya juu, na kama tundu la pini kwenye nati ya juu halijalingana kaza mbele mpaka lilingane, usirudishe nyuma. Pini iwe mpya, waya wa bending siyo pini! Nati za tairi kaza kwa mkingamo, Toyota hizi ndogo ni 103 Nm.

Fundi akikwambia anaichomelea ile ya zamani au anaigonga isicheze, kataa kabisa, hiyo joint ikichomoka barabarani tairi linageuka linakotaka lenyewe na stelingi haina kazi tena.

Ukimaliza nenda kapige alaimenti (kunyoosha tairi zielekee sawa) siku hiyo hiyo, pole pole, alama ya Tipeksi ni ya kukufikisha huko tu, ukiiachia hivo tairi mpya zitaliwa kabla hujashtuka. Na aliyepiga alaimenti mwambie akuoneshe amekaza loknati zote mbili, maana anazilegeza yeye.