Kiota Kikiwa Bustanini, Panga Kazi Upya

Kabla ya kupogoa ua au kufyeka kichaka kilicho pembeni mwa bustani, simama kando kwa muda uangalie. Ndege anayeingia mahali pamoja mara kwa mara akiwa na nyasi mdomoni, huyo anajenga. Akiingia na kiwavi, ujue ana makinda. Na akitoka na kitu cheupe mfano wa tone la nta, hicho ni kinyesi: makinda ya ndege wengi wadogo hutoa kinyesi kikiwa ndani ya kifuko laini, na mzazi hukibeba akakitupe mbali ili kiota kibaki safi na adui asikigundue. Ukiona hivyo, weka mkasi chini.

Huahirishi kazi kwa msimu mzima. Ndege wadogo wengi huatamia kwa takribani wiki 2, na makinda hukaa kiotani wiki 2 au 3 hivi kabla ya kuruka. Wakati huo pogoa upande mwingine wa ua, palilia matuta mengine, uache mita 2 au 3 kuzunguka kiota. Usiondoe hata majani yanayokifunika, maana kiota kilichoachwa wazi huunguzwa na jua na huonekana na kunguru, nyoka na paka. Kuwa mwangalifu zaidi mwanzoni, ndege anapojenga na kutaga, kwa sababu akisumbuliwa wakati huo ni rahisi kukihama. Mwishoni nako kuna hatari yake: makinda yaliyokwisha kuota manyoya yakishtuliwa huruka nje kabla mbawa hazijakomaa.

Linaloniumiza zaidi ni dawa za wadudu. Hata ndege walaji wa nafaka, shomoro kwa mfano, huwalisha watoto wao wadudu, kwani kinda linahitaji protini ili likue haraka. Sasa kiwavi aliyepuliziwa dawa hulegea, na aliyelegea ndiye rahisi kukamatwa. Mzazi humpeleka moja kwa moja mdomoni mwa mwanawe. Kwa hiyo, karibu na kiota chenye makinda usipulize kabisa. Okota viwavi kwa mkono, ng'oa majani yaliyojaa mayai ya wadudu, na uwaachie ndege sehemu ya kazi. Jozi moja inayolisha huokota wadudu kutwa nzima. Sumu ya panya nayo ni vivyo hivyo: bundi akila panya aliyeila, hudhurika naye.

Ni kweli kwamba ndege haohao hudonoa miche na matunda. Funika miche kwa wavu wenye matundu madogo, uvutwe ukaze na kingo zake zishikiliwe chini. Wavu uliolegea hunasa miguu na mbawa, kwa hiyo ukague asubuhi na jioni. Mikungu na vichala vifunge kwa mifuko ya kitambaa. Kabla ya kufunika mti mzima, hakikisha hakuna kiota ndani yake.

Kiota kikiwa chini, kati ya mimea, chomeka kijiti hatua chache kando yake ili anayepalilia asikikanyage. Usikiendee kila siku kwa njia ileile, usije ukamwachia paka njia ya kufuata.

Kinda lenye manyoya linalorukaruka chini kwa kawaida halijatelekezwa. Wazazi wako karibu na wanalilisha. Fungia paka na mbwa, uliache. Lisilo na manyoya lirudishe kiotani taratibu ukikiona. Mzazi halikatai eti kwa sababu limeshikwa na mkono wa mtu.

Makinda yakishaondoka, usikimbilie kukata tawi siku hiyohiyo. Wapo ndege wanaotaga tena upesi, pengine katika kiota kilekile. Angalia kwa siku kadhaa. Asipoingia wala kutoka ndege yeyote, pogoa. Kiota cha zamani kiondoe ukiwa umevaa glavu, kwani utitiri hubaki humo.