Ulifuta mkataba wa nyumba ya likizo, sasa wanakudai: andika kabla ya siku 30 kwisha

Bahasha ilinifikia hapa Houston miezi mitano baada ya safari yetu ya Orlando, Florida. Kampuni nisiyoifahamu ilinidai dola 3,860 za nyumba ya likizo ya zamu, ile ya kukaa wiki moja kila mwaka, ambayo mkataba wake nilikwisha kuufuta. Mume wangu alisema tuwalipe kidogo kidogo ili watuache. Nilikataa, na wewe nakuomba ukatae: ukitoa hata dola 20, watasema umekiri deni.

Anza na ushahidi wako wa kufuta. Florida inakupa siku 10 za kalenda tangu uliposaini, au tangu ulipopokea hati ya mwisho unayopaswa kupewa, kama ilikuja baadaye. Nevada ni siku 5 tu, basi soma sheria ya jimbo ulikosainia. Mimi niliandika siku ya sita. Florida huhesabu tarehe uliyotuma barua, ndiyo maana risiti ya posta yenye muhuri ilikuwa na thamani kuliko maelezo yangu yote.

Sasa mkusanya madeni, yaani kampuni ile ngeni inayokudai kwa niaba ya muuzaji au baada ya kulinunua deni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inakupa siku 30 tangu upokee taarifa yake ya deni ili uipinge kwa maandishi. Ukifanya hivyo, lazima asimamishe kudai mpaka akutumie uthibitisho. Kupinga kwa simu hakukupi kinga hiyo, hata yule wa upande wa pili awe na sauti ya upole namna gani. Siku ya mwisho imeandikwa kwenye taarifa yenyewe. Izungushie kalamu nyekundu.

Barua yangu haikujaza hata nusu ukurasa. Ukiitia kwenye Kiswahili ilisema hivi: “Napinga deni hili lote. Mkataba niliufuta kwa maandishi ndani ya muda wa sheria. Nakala ya barua na risiti nimeambatanisha. Nitumieni uthibitisho wa deni na jina la mdai wa mwanzo.” Sikueleza shida zangu wala sikuomba kupunguziwa. Tuma nakala, hati halisi zibaki kwako. Posta lipia huduma yenye namba ya kufuatilia na kile kikadi cha kijani ambacho mpokeaji hukisaini kikarudi kwako.

Siku hiyohiyo iandikie na kampuni iliyokuuzia, kwa sababu sheria ile humbana zaidi mkusanya madeni. Itake ilifute deni kwenye vitabu vyake na irudishe malipo yako ya awali.

Wakikupigia kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tatu usiku, au wakikutishia polisi, andika tarehe, saa na maneno. Yote hayo yamekatazwa. Deni likitokea kwenye rekodi yako ya mikopo, lipinge kwa kampuni zinazotunza rekodi hizo, Equifax, Experian na TransUnion, kila moja peke yake. Zikija karatasi za mahakama, usizipuuze hata siku moja: jibu ndani ya muda uliotajwa, na tafuta msaada wa kisheria.

Jibu langu lilikuja wiki ya nne: wamefunga jalada. Barua hiyo ninayo, pamoja na kikadi cha kijani, kwa sababu madeni huuzwa, na mkusanyaji mwingine anaweza kubisha hodi mwakani.